Antena Uani kwa Mama

Kamba ya nguo ya mama niliikata mwenyewe, kwa plaizi yangu ya kazi, asubuhi moja ya kiangazi, naye amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Nikamwambia ni kwa muda tu. Alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazama nayo wanafunzi wa darasa la nne waliodai kwamba daftari limesombwa na mafuriko, akanywa funda moja, akauliza:

"Na nguo zitaanikwa wapi?"

"Tutafikiria, mama."

"Wewe usifikirie," akasema. "Una kazi nyingi. Mahali pa kuanika mimi sitakosa."

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Mama alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na sijawahi kumwona akikubali jambo upesi namna ile bila kuwa na lake moyoni. Lakini kamba ilibidi iondoke. Ua wetu hapa Kilosa mjini ni mpana, una ukuta wa matofali upande mmoja na michongoma upande wa pili, na katikati kabisa, pale ambapo antena yangu ilitakiwa kusimama, ndipo nguo za ukoo mzima zilipokuwa zikipepea tangu sijazaliwa.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana watu wakisikia neno darubini wanafikiria bomba la kuchungulia. Yetu haichunguliwi. Ni darubini ya redio ya masafa ya chini, na ukiiona kwa mbali utadhani kuna mkulima amepanda vyuma: antena nyingi fupi zimesimama juu ya wavu uliotandikwa chini, kila moja inanasa mawimbi yanayotoka angani, kisha kompyuta inayaunganisha yote yawe kana kwamba yamenaswa na sikio moja kubwa. Kundi moja la antena hizo tunaliita kituo. Tulikuwa tumepewa kubuni kituo cha majaribio: antena ya bei ndogo, ambayo fundi yeyote wa wilayani anaweza kuitengeneza kwa vitu vya dukani, na ambayo haitalala chini mvua za kwanza zikipiga.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Yeye ni mtoto wa Dar es Salaam, mhandisi kama mimi, mwenye viatu vyeupe ambavyo hata leo sielewi alivisafishaje katika vumbi lile. Mkuu wetu alikuwa profesa mmoja mrefu, mkimya, ambaye hata akifurahi huwezi kujua. Alituambia kila mmoja abuni antena yake, zijaribiwe bega kwa bega, itakayoshinda ndiyo itakayojengewa kituo kule Mikumi. Tukachagua ua wa mama kwa sababu za kisayansi kabisa: kulikuwa na umeme, kulikuwa na kivuli cha baraza, na kulikuwa na wali wa mchele ambao mama mdogo alituletea kutoka Kisanga.

Antena yangu niliipenda kama mtoto. Nguzo moja katikati, na kutoka kileleni ikashusha mikono minne ya bomba la plastiki kwenda pembeni, waya wa shaba ukipita ndani yake, kama mwavuli uliovuliwa kitambaa. Ya mwenzangu ilikuwa ya mabapa ya alumini yaliyokatwa pembetatu na kulazwa bapa juu ya vigingi vya mbao. Yeye aliiita kipepeo. Mimi niliiita sinia.

Mama alichagua upande siku ya kwanza. Mwenzangu alimwamkia "Shikamoo mama" akiwa ameinama vizuri, akala mlenda akaomba kuongezewa, akamtekea maji bila kutumwa. Haikupita wiki, mama alikuwa akimwita "mwanangu", na mimi akiniita "huyu". "Mwanangu, mwambie huyu chakula kiko mezani."

Uchokozi kati yetu wawili aliuanza mwenzangu. Nilikuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya antena yangu, imeandikwa kwa herufi kubwa INAUZWA. Kabla sijaing'oa, baba mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ameshaingia uani anayapigapiga mabomba, anauliza kama bei inapungua, maana alitaka kujengea banda la kuku. Nami nikalipa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kwaya ya kanisani kwetu, ambako mama ndiye mtunza majoho, nikamwambia mgeni wetu anaimba besi, ni vile tu ana haya. Walimjia nyumbani kwa heshima zote. Alikwenda mazoezini mara moja, akafungua kinywa, wakamshukuru sana, wakamwomba awe anawabebea kinanda.

Basi tukaendelea hivyo, tunapima na kuchokozana. Kila antena ilikuwa na mstari wake kwenye kompyuta. Mstari ukiwa na afya unapanda katikati kama mgongo wa ng'ombe, kisha unashuka taratibu. Yangu ilikuwa na mgongo mzuri kuliko ya mwenzangu, na nilihakikisha analijua hilo asubuhi, mchana na jioni.

Mpaka Jumamosi. Jumamosi ile tulitoka kwenda kununua boliti, na tuliporudi na kufungua kumbukumbu za kompyuta, nikakuta mgongo wa mstari wangu umehamia kushoto na kubonyea kama godoro la gesti. Ilipofika alasiri ulikuwa umejirudi wenyewe. Kipepeo cha mwenzangu kilikuwa kimenyooka siku nzima. Nilikagua kila kiungo, sikuona kitu. Siku za kati mstari ukawa mzima. Jumamosi iliyofuata, tukiwa sokoni, ukabonyea tena.

"Pole," mwenzangu akasema, kwa sauti ya mtu anayefiwa na mtu asiyemjua.

Hapo nikajua tatizo haliko angani. Anga haijui Jumamosi. Kitu chochote kinachotokea kila Jumamosi kina mikono na miguu na kinalala nyumba fulani hapa mjini. Nikaamua nitakisaka. Kila Jumamosi tukawa tunatoka asubuhi, mimi na antena ndogo ya mkononi inayofanana na kichana, mwenzangu na mwavuli, tunapita mtaa kwa mtaa tukisikiliza kelele za redio: kwa mafundi wa kuchomelea mageti, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye vibanda vya kuchaji simu. Kabla hatujamaliza mtaa wa kwanza, habari zilishatutangulia kwamba tunasaka waliojiunganishia umeme kinyemela. Kinyozi mmoja aliponiona nainua kichana changu alizima taa, akazima feni, akazima muziki, akakaa kimya gizani pamoja na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kwenye gereji moja walinikaribisha soda na kunihakikishia kwamba hawajawahi kutumia umeme maishani, huku mashine ya kuchomelea ikiwa bado inafuka moshi.

Jumamosi moja betri ilituishia, mwenzangu akapanda bodaboda kurudi nyumbani kuchukua nyingine. Alichelewa. Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo, ananukia maandazi, na ana uchangamfu ambao sikuuelewa.

"Nyumbani salama?" nikamuuliza.

"Salama kabisa. Twende na kule stesheni," akasema. "Kule hatujasaka vizuri."

Tangu siku hiyo bidii yake ikanishangaza. Nikitaka kupumzika yeye ndiye aliyenitia moyo. Tulisaka mpaka kwenye ofisi ya mtu aliyekuwa likizo.

Mwishowe nilijitungia nadharia. Niliandika kwamba mashine za kuchomelea, ambazo Jumamosi huwa na wateja wengi, zinavujisha umeme ardhini, nao unapanda kwenye nguzo yangu kwa kuwa imechimbiwa kwenye udongo wenye unyevu, tofauti na vigingi vya mwenzangu. Ilikuwa na michoro. Ilikuwa na mishale myekundu. Nikamtumia Profesa. Akajibu: "Nitakuja Jumamosi nione."

Alifika asubuhi, akaketi barazani kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mbele yake, mistari miwili ikitembea. Mara hii hatukwenda popote. Nilisimama na kijiti mkononi, nikaanza kumweleza udongo wa Kilosa, na nilikuwa nimefika kwenye mshale wa pili mwekundu mama alipotoka jikoni na beseni kichwani.

"Samahanini wanangu," akasema. "Endeleeni tu. Kesho ni mavuno, kwaya ina kazi kubwa."

Akaweka beseni chini. Akatoa joho la zambarau linalochuruzika maji, akalikung'uta, akalitupia kwenye mkono wa kwanza wa antena yangu, akalinyoosha mikunjo. Kwenye kompyuta mstari wangu ukainama. Akatoa joho la pili, mkono wa pili. Mstari ukahamia kushoto. La tatu, ukabonyea godoro.

Mimi nilikuwa bado nimeinua kijiti.

Profesa alitazama mstari, akatazama joho, akatazama tena mstari. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu sana. Umekuja kutuona?"

"Nimekuja, mama. Naomba uliondoe hilo la mwisho."

Mama akaliondoa. Mstari ukapanda.

"Lirudishe."

Akalirudisha. Mstari ukashuka.

"Liondoe tena, tafadhali."

"Baba," mama akasema, joho linamchuruzikia maji mpaka viatuni, "niambie moja nijue. Naanika au naanua?"

Nikashusha kijiti. "Mama! Tangu lini?"

"Tangu ulipokata kamba yangu."

"Mbona nikirudi sikuti kitu?"

"Zinakuwa zimeshakauka. Jua la hapa hulijui? Mkitoka naanika, mkikaribia kurudi naanua. Sikutaka kukusumbua."

"Na kwa nini yangu tu? Hii ya mwenzangu huioni?"

Akalisogelea sinia, akapitisha kidole ukingoni. "Hii ya mwanangu ina makali, itachana majoho ya watu. Yako ni nzuri zaidi." Akaipiga piga nguzo kwa upendo wa kweli. "Mikono yake imekaa vizuri mno."

Niligeuka kumtafuta mwenzangu. Alikuwa anaangalia mawingu, na hapakuwa na mawingu.

"Ulijua," nikamwambia. "Siku ile ya betri."

"Mama alisema nisikuchanganye. Una kazi nyingi."

"Ukanizungusha mpaka stesheni!"

"Wewe ndiye ulikuwa na kichana," akasema. "Mimi nilishika mwavuli tu."

Mama akanisema kwa Kisagara, lugha aliyotoka nayo kwao Munisagara na ambayo huitumia akitaka nimwelewe vizuri. Kwa ufupi alisema nisimpigie mgeni kelele, na kwamba mtu anayekata kamba ya mama yake bila kufunga nyingine asishangae.

Profesa hakucheka. Aliomba blanketi kuukuu, akaliloweka mwenyewe, akalitandaza juu ya kipepeo, na mstari wa mwenzangu ukaporomoka kuliko wangu ulivyoporomoka kwa majoho ya kwaya nzima. Nilimtazama mwenzangu kwa furaha ambayo sikuificha. Kisha Profesa akasema jambo la maana: kule porini hakutakuwa na majoho, lakini kutakuwa na majani yaliyolowa, viota na wanyama, basi antena zote mbili ziende Mikumi, zikajaribiwe huko. Akala wali, akamshukuru mama, akatuaga. Nilimsindikiza mpaka getini. Alinipa mgongo akitembea kwenda kwenye gari, na nikaona mabega yake yanatikisika, yanatikisika, mpaka akafunga mlango.

Kesho yake nilimfungia mama kamba mpya. Alisema imelegea.

Mikumi tulipewa kipande cha ardhi ya wazi na serikali ya kijiji, nje ya hifadhi, mbali kidogo na barabara kuu na malori yake. Kwa kazi yetu palikuwa pazuri: kelele za redio kidogo, vilima vinatukinga na minara ya mji. Tulipeleka mabomba na mabapa kwa pikapu, tukatandika wavu wa chuma, tukachimbia antena kwa safu, safu yangu, safu yake, zikawa zimesimama pale kama madarasa mawili yanayosubiri mtihani. Jioni tulirudi gesti tukiwa tumechoka na tunajisifu.

Asubuhi tulikuta kituo kina wenyewe.

Nyani walikuwa wamefika kwa ukoo. Wakubwa wao walikalia vipepeo, kila mmoja na sinia lake, wameweka mikono magotini kama wajumbe wa baraza wanaosubiri posho. Na kwenye antena zangu walikuwa watoto. Yale mabomba ya plastiki, yaliyoshuka kutoka kileleni kwa mteremko laini ambao niliukokotoa kwa majuma, yalikuwa bembea ya kuteleza ambayo nyani mtoto hajapata kuiona. Walipanda nguzo, wakaserereka, wakaanguka kwenye wavu, wakapanga foleni upya. Mmoja aliserereka kwa kichwa. Nilisikia mwenzangu pembeni yangu anatoa sauti kama birika.

"Usicheke," nikamwambia. "Huyo babu aliyekaa pale anakung'olea skrubu."

Kweli alikuwa anaing'oa. Aliionja, akaitupa.

Tuliwafukuza, wakarudi. Tulifunga miiba, wakaitoa kwa uangalifu na kuiweka kando. Mistari kwenye kompyuta ikawa inarukaruka mpaka haisomeki. Na hapo ndipo nikaona kwamba siku yangu imefika.

"Unajua," nikamwambia mwenzangu, uso mkavu, tukiwa tunakunywa chai kwenye bodi ya pikapu, "huku wakulima wana njia yao. Nyani anamwogopa mwanamke. Ni wanawake wanaoshinda mashambani wakiwapiga mawe, kwa hiyo akiona khanga tu, anakimbia."

Mtu yeyote aliyewahi kulinda mahindi wilayani Kilosa angeniangalia vibaya. Ukweli ni kinyume chake kabisa: nyani anamkimbia mwanaume, mwanamke anamtazama tu hata akimrushia tofali. Lakini mwenzangu alikulia ghorofani.

"Basi nenda wewe," akasema. "Wewe ndiye mwanamke."

"Mimi wameshanizoea. Wananiona na suruali na kofia, wanadhani fundi. Anatakiwa mgeni."

Akafikiri. Alikuwa anaipenda kazi ile kuliko sura yake, na hilo lazima nilikiri kwa heshima. Nilimpa khanga mbili nilizoazima kwa mama mwenye gesti. Moja akafunga kiunoni, moja akajitanda, vile viatu vyeupe vikichungulia chini. Akachukua fimbo na mkungu mdogo wa ndizi, chakula chake cha mchana, akaenda kusimama katikati ya kituo kwa mwendo aliodhani ni wa shangazi zake.

Nyani waliokuwa wamejificha wakatoka. Wakakaa. Dume kubwa likapiga mwayo, likaonyesha meno yote, likasogea. Mwenzangu akasimama imara, akaitikisa khanga. Dume likasogea tena, bila haraka, likanyoosha mkono, likachukua ndizi, likakaa pale pale miguuni pake na kuanza kuzimenya. Watoto wakarudi kwenye foleni ya kuteleza. Mmoja akaja kuvuta pindo la khanga.

Mimi nilikuwa nimelala kwenye bodi ya pikapu, nimejiziba mdomo kwa kofia.

"Hawakimbii!" akaita.

"Wape muda!"

Akawapa muda. Kisha yule mtoto akaing'oa khanga ya kiunoni, mwenzangu akaghadhibika, akarusha na ile ya kichwani, akapiga ukelele wa sauti yake yote nzito ya Dar es Salaam: "Tokeni hapa!" Na nyani wote, dume, majike na watoto, wakaruka kwa pamoja na kutimka mpaka kilimani, ndizi zikimwagika njiani.

Alisimama pale na fulana yake, akitazama kilima, kisha akazitazama khanga chini, kisha taratibu akageuka kunitazama mimi. Niliona jibu likimfika usoni.

"Hiyo," nikamwambia, "ni ya stesheni."

Alikuja, akapanda kwenye bodi, akakaa kando yangu. Nilidhani atanuna. Akaanza kucheka kwa pumzi, kisha kwa sauti, mpaka akalala chali, na mimi nikaendelea palipobaki. Kila tulipokaribia kunyamaza mmoja wetu alisema, "Wape muda," tukaanza upya.

"Tumelipana?" akauliza mwishowe.

"Tumelipana."

Kuanzia siku hiyo hakukuwa tena na yangu na yake. Tulikaa na kalamu, tukakubali kila antena ilikuwa na ujinga wake. Sinia lilikaribisha makalio, bomba lilikaribisha michezo. Tulichukua mabapa yake, tukayakata membamba na kuyapa mteremko mkali kama paa la kanisa, juu ya nguzo yangu tuliyoifupisha. Haikuwa nzuri kuitazama, lakini hapakuwa na pa kukaa wala pa kuteleza, na mstari wake ulitoka na mgongo mpana kuliko zote mbili. Nyani walizijaribu, wakaona hazina raha. Lakini bado walizunguka wakitikisa hili na lile kwa kukosa la kufanya.

Ndipo tukawajengea ya kwao. Wazo lilikuwa letu sote, na lilikuja tukiwa tunakusanya masalia. Pembeni, nje ya wavu, tulisimamisha antena kubwa isiyo na waya hata mmoja: nguzo ndefu, mabapa mapana ya kukalia kwa ngazi mbalimbali, na mabomba marefu ya kuserereka pande zote. Kwa kuwa haikutakiwa kupima kitu, tuliijenga kwa uhuru, na ikatoka nzuri ajabu, imesimama mlalo sawa na wima sawa, inang'aa. Nyani waliihamia siku ile ile. Wakubwa juu, watoto kwenye mabomba, na kituo chetu kikatulia.

Wiki chache baadaye Profesa akaja kukikagua, ameongozana na wageni wenye kamera. Nyani walipoona gari wakaondoka zao. Profesa akashuka, akakitazama kituo chenye antena zetu fupi zilizoinama kama kuku walionyeshewa, akazipita, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile kubwa.

"Naona mmefika mbali," akasema, akiigonga nguzo. "Imara. Ina uwiano."

Mwenzangu akafungua kinywa. Nikamkanyaga kiatu cheupe.

"Asante, Profesa," nikasema.

"Kebo yake inapita wapi?"

"Haionekani kabisa, Profesa," mwenzangu akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

Wageni walipendezwa. Walijipanga mbele yake, Profesa katikati, mkono juu ya nguzo kama baba wa harusi, wakapigwa picha ya kwanza, ya pili, na nyingine ya akiba. Sisi tulisimama pembeni tukitazama vidole vya miguu yetu, kwa sababu tungetazamana tusingeweza kujizuia. Picha hiyo ilikwenda kwenye jalada la mbele la taarifa ya mradi. Ikatiwa fremu, ikatundikwa ofisini kwa Profesa, nyuma ya kiti chake, na kila nilipokwenda kuzungumzia bajeti nilizungumza nikiiangalia bembea ya nyani.

Siku moja, mazungumzo yakiwa yamekwisha na mimi niko mlangoni, akaniita.

"Ile antena ya kwenye picha," akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Data zake sijawahi kuziona."

"Inahudumia watumiaji wengine, Profesa."

"Nilifikiri hivyo." Akageuza ukurasa. "Ukiikuza picha, kuna kinyesi kwenye bapa la juu. Niliona siku ile ile."

"Na ukapiga picha hivyo hivyo?"

"Zile nyingine hazipendezi," akasema. "Funga mlango ukitoka."

Kituo chenyewe kilifanya kazi. Siku ya kwanza yenye mistari safi tulikaa kwenye kibanda cha kompyuta tukaona kelele ikipanda polepole kama mlima wa mbali, ikafika kilele, ikashuka. Kesho yake ikaja tena, ikiwahi kidogo kuliko jana. Keshokutwa ikawahi tena kidogo. Hakuna mashine ya kukoboa wala redio ya mtu inayoishi hivyo, kila siku ikiwahi kidogo bila kukosa. Ilikuwa Njia ya Maziwa inapita juu ya vichwa vyetu, mchana kweupe, jua linawaka, sisi hatuioni ila antena zile mbovu za sura zinaisikia. Mwenzangu alinishika bega. Hakuna aliyefanya mzaha, na kwa sisi wawili hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mama alikuja kuiona mara moja, na hotipoti ya pilau mapajani njia nzima kutoka Kilosa. Mwenzangu alimtolea kiti kibandani, mimi nikaunganisha spika ndogo ili asikie. Ikatoka ile sauti yake, shhhhh isiyo na mwanzo wala mwisho. Nikamweleza kwamba hiyo ni sauti ya nyota nyingi mno, na gesi iliyo kati yake, na kwamba imesafiri tangu kabla hapajakuwa na Kilosa wala Mikumi wala mtu wa kuziita majina. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimejiandaa.

Mama akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa adabu ile ya kanisani.

"Kama mafuta yamepata moto," akasema. "Bado kutia kitunguu."

"Ndiyo hivyo, mama."

Akasikiliza tena kidogo. "Na inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inasikika tu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima na usiku."

Akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akaanza kufungua hotipoti.

"Basi ipunguzeni sauti," akasema. "Tule."